Vitabu vya kuchu: yanayosemwa na yaliyomo ndani

Mimi nasoma chochote, hata gazeti lililofungia maandazi, na kwa miaka kadhaa sasa nimezama kwenye hadithi za watu ambao vitabuni huwa hawapewi nafasi, hasa wapenzi wa jinsia moja, kuchu kama wanavyojiita wenyewe Kampala na hata hapa Nairobi. Kila nikifungua kimoja kwenye matatu lazima mtu achungulie jalada na atoe hukumu. Na hukumu zenyewe ni zilezile, nishazikariri. Cha ajabu wanaotoa hukumu hawajasoma hata ukurasa mmoja.

"Hayo mambo ni ya wazungu, waandishi wetu hawakuyaandika."

Hii ina ukweli nusu ndo maana inakera. Wole Soyinka ana mhusika shoga kwenye riwaya yake ya kwanza, The Interpreters, ya 1965. Yambo Ouologuem wa Mali alimweka kijana wa Kiafrika kwenye mapenzi na mwanamume kule Ufaransa, mwaka 1968, na kitabu kikapata tuzo ya Renaudot ya huko Ufaransa. Ama Ata Aidoo wa Ghana naye 1977 akaandika mwanamke anayemtamani mwanamke mwenzake. Sasa angalia vizuri: wa Soyinka ni Mmarekani, wa Ouologuem mambo yanatokea Ufaransa, wa Aidoo anayetongoza ni Mjerumani. Yaani waliandika, sawa, ila wakaliweka kama kitu kilichoshuka na ndege.

Halafu chukua By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, 2001. Hapo hakuna ndege wala mzungu, kuna mfanyabiashara aliyekuja na pepo za msimu kama walivyokuja wengine wote, anapanga chumba kwenye nyumba ya watu, na mwisho anaondoka na kijana wa nyumba hiyo. Hata Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise iliyotoka 2022, ina yule mnyapara Mohammed Abdalla ambaye wapagazi wote wanajua tabia yake na wanamkwepa. (Huyo ni jitu baya, simtetei, nasema tu yumo.) Na neno shoga lenyewe, bibi zetu Pwani wanaitana "shoga yangu" wakimaanisha rafiki wa kike na hawana habari na ugomvi wenu.

"Ni ngono mwanzo mwisho."

London, 1928, kitabu cha Radclyffe Hall kinaitwa The Well of Loneliness, cha mwanamke anayependa wanawake wenzake, kikapelekwa kortini kwa uchafu na hakimu akaamuru nakala ziharibiwe. Ukikisoma leo unatafuta huo uchafu uko wapi. Unapindua, unapindua, kurasa mia kadhaa za farasi na huzuni, halafu unafika kwenye sentensi moja inayosema kwamba usiku ule hawakutengana. Basi. Ndo hiyo. Nimenunua riwaya za mapenzi za kawaida pale chini kwenye lami, zile zenye mwanamume kifua wazi kwenye jalada, ukurasa wa arobaini hakuna mtu mwenye nguo, na sijawahi kusikia zimepelekwa kortini.

"Mwisho wake lazima mmoja afe, ni hadithi za huzuni tu."

Hapa nitakaa kidogo maana hata wanaovipenda hivi vitabu wanasema hivi. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema. Ukweli ni kwamba vingi vya zamani viliishia vibaya, lakini sababu haikuwa mwandishi kuona maisha ndo yalivyo, sababu ilikuwa posta! Marijane Meaker aliandika Spring Fire mwaka 1952, Marekani, kwa jina la bandia Vin Packer, kuhusu wasichana wawili wa chuo. Mhariri akamwambia waziwazi mwisho usiwe mzuri, kwa sababu vitabu vinasafirishwa kwa posta na wakaguzi wakiona mapenzi yale yamesifiwa wanakamata mzigo mzima. Basi msichana mmoja akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili na mwenzake ghafla bin vuu akagundua ati hakuwahi kumpenda. Unasoma unajiuliza huyu mwandishi kapatwa na nini kurasa za mwisho, kumbe kapatwa na posta.

Mwingereza E. M. Forster yeye aligoma. Maurice, riwaya ya wanaume wanaopendana, aliiandika 1913 hadi 1914, akataka lazima wapenzi wake wabaki pamoja, na kwa sababu hiyo akaifungia kabatini hadi akafa. Ilitoka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Aliacha ameandika kwamba kama angeimaliza na kijana ananing'inia kwenye kamba mambo yangekuwa sawa tu. Yaani kifo kinaruhusiwa, furaha ndo kosa.

Na usidhani ni mambo ya kale. 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadithi ya Kena na Ziki, wasichana wawili wanaopendana, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, ilipigwa marufuku hapa nyumbani, na Kahiu alieleza kwamba waliambiwa wabadilishe mwisho kwa sababu una matumaini mno. Mwisho! Si busu, si kitanda, mwisho. Mambo ya posta ya 1952 yaleyale, mavazi tu yamebadilika. Septemba hiyo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba ili filamu iweze kuingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, na watu wakajaza sinema ya Prestige hapa Nairobi hadi tiketi zikaisha. Mwishowe Kenya ikapeleka Oscar filamu nyingine, Supa Modo, ambayo nayo ni nzuri na nililia vizuri sana, sina kinyongo.

"Mwandishi lazima awe hivyo mwenyewe, la sivyo anaiba."

Hii inatoka upande wa pili, kwa watu wanaojiona wameelimika kuliko sisi. Nia naielewa, watu wamechoka kuandikwa na wageni. Ila sasa ikageuka kuwa askari wa getini. Becky Albertalli aliandika riwaya ya kijana shoga iliyozaa filamu ya Love, Simon, wasomaji wakamsakama miaka ati wewe mwanamke mwenye mume unatuandikia nini, na 2020 akalazimika kusema hadharani kwamba na yeye anapenda jinsia zote mbili, na akasema wazi haikuwa namna aliyotaka kulisema. Yaani umemtoa mtu ndani ya nyumba yake kwa kisingizio cha kumtetea. James Baldwin naye, Mweusi wa Harlem, mwaka 1956 aliandika Giovanni's Room na wahusika wake wakuu ni wazungu, ungemwambia nini yule?

Mimi nauliza kitu kimoja tu, huyu mhusika ana njaa, ana deni, ana mama anayempigia simu? Kama amebandikwa lebo halafu hana kingine, nakiweka chini, hata awe nani aliyekiandika. Na viko vingi vya hivyo, siwadanganyi.

"Siku hizi kuchu wamejaa kila mahali, hakuna tena vitabu vya kawaida."

Hesabu ya kuchu sina, ila chukua hata ya rangi tu uone nani amejaa. Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kina kituo kinachohesabu vitabu vya watoto huko Marekani. 2018 nusu ya vitabu wahusika wakuu walikuwa wazungu, wanyama na vitu asilimia 27, watoto Weusi asilimia 10. Sungura na malori wanatushinda mara mbili na zaidi. Tuendelee.

"Kama wewe si kuchu hakuna cha kwako humo."

Binamu yangu, mama wa watoto watatu, mlokole wa kweli, alichukua kwangu mkusanyiko wenye Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko, Mganda aliyeshinda tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika, 2007 kwa hadithi hiyo. Alivutwa na jina maana jambula ni zambarau, na kwao kulikuwa na mzambarau. Hakujua ni nini, na mimi nikanyamaza, nakiri. Ni barua ya Anyango kwa Sangu, walipendana wakiwa wasichana kwenye nyumba za Nakawa, Sangu akapelekwa London, na jirani mmoja anaitwa Mama Atim hajafunga mdomo tangu siku hiyo.

Baada ya wiki mbili akanirudishia kimelowa chai pembeni. Nikasubiri vita. Akakaa, akavua viatu, akasema huyo Mama Atim anamjua, anakaa ploti yao, nyumba ya tatu kutoka kwenye mfereji, ndo huyohuyo aliyemtangaza binti yake mtaa mzima ile mimba ilipoingia. Akaniuliza kama Sangu akishuka kwenye ndege Anyango ataenda kumpokea au ataogopa watu. Nikamwambia hadithi haisemi. Akasonya, akauliza huyo dada ameandika nyingine.