Ndoa ya Askari wa Jimbo Haijaandikiwa Talaka

Wachumba na wake wa askari wa polisi wa majimbo ya Marekani wanaonijia kwa ushauri wa ndoa huanza na dai lile lile: kwamba ndoa saba kati ya kumi za askari huvunjika, na kwamba miaka ya utumishi inavyoongezeka ndivyo talaka inavyokaribia. Dai hili linanikera kuliko mengine yote, kwa sababu wanaoliamini huuacha ugomvi unaotatulika ukomae, wakidhani ndiyo kawaida ya kazi.

Ukweli ni kwamba watafiti Shawn McCoy na Michael Aamodt, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwa kutumia takwimu za sensa ya 2000, walikuta askari waliotalikiana au kutengana na wenzi wao ni asilimia 14.47, ilhali wastani wa wafanyakazi wote ulikuwa asilimia 16.96. Hesabu hiyo haimjumuishi aliyeachika kisha akaoa tena, lakini hata hivyo iko mbali mno na saba kati ya kumi. Huenda dhana yenyewe ina mizizi ya kale: kikosi cha polisi wa jimbo la Pennsylvania kilipoundwa mwaka 1905, askari wake waliishi kambini, na kwa miongo mingi hawakuruhusiwa kuoa bila idhini ya mkuu wao.

Kinachoumiza nyumba ni zamu. Askari anarudi alfajiri, mkanda wenye bastola, pingu na redio ungali kiunoni, mwenzake yuko mlangoni akitoka kwenda kazini, na hapo hapo linaanzishwa suala la karo ya mtoto. Kisha siku yake ya mapumziko anaitwa mahakamani kutoa ushahidi. Nasisitiza, na sitaacha kusisitiza, kwamba ratiba ya zamu ibandikwe kwenye mlango wa friji, mambo ya fedha yasijadiliwe kabla askari hajalala, na bajeti ya nyumba isimame juu ya mshahara wa msingi bila kutegemea ovataimu. Mkongwe ana nafuu pia, kwani katika vikosi vingi miaka ya utumishi humpa kipaumbele cha kuchagua zamu.

Wengine huamini kwamba askari hufyatua risasi kila mara. Katika uchunguzi wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliotolewa mwaka 2017, uliohusu askari wa miji na kaunti, ni asilimia 27 tu waliosema wamewahi kufyatua silaha wakiwa kazini, ukiacha mazoezi.

Wapo pia wanaosema mstaafu hufariki ndani ya miaka mitano. Kumbukumbu za mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa California zinaonyesha kwamba askari wanaostaafu wakiwa na miaka 55 huishi takriban sawa na watumishi wengine. Maradhi ya moyo na kukosa usingizi ni hatari za kweli, nayo yanahitaji daktari mapema.

Na kustaafu si uzee. Jimbo la New Jersey humlazimisha askari wake kuondoka akifikisha miaka 55, na aliyetumikia miaka 25 hupata pensheni ya asilimia 65 ya mshahara wake, akiwa bado na nguvu za kufanya kazi nyingine. Kwa hiyo aanze kusomea kazi hiyo angali kikosini, na mwenzi wake aulize mapema, kwa maandishi, ni sehemu gani ya pensheni itakayobaki kwake endapo mstaafu atatangulia kufariki.