Setilaiti nayo hupimwa: dhana potofu na ukweli

Msimu wa karafuu Pemba, mwenye majamvi uwanjani hatazami tena mbingu peke yake. Hutoa simu, akaangalia picha ya mawingu, ndipo akaamua aanue au aache. Uamuzi huo umesimama juu ya namba zinazotoka kwenye setilaiti ya hali ya hewa, chombo kilicho kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kuhusu chombo hicho nasikia mengi yasiyo sahihi, mengine kutoka kwa watu ninaowaheshimu.

"Setilaiti ikisharushwa, kesho yake inaanza kazi."

Haianzi. Meteosat-12 ya Ulaya ilirushwa tarehe 13 Desemba 2022, picha yake ya kwanza ikaonyeshwa hadharani Mei 2023, na kazi rasmi ikaanza Desemba 2024. Muda wote huo wataalamu huwa wanaviacha vifaa vitoe unyevu vilivyoubeba kutoka duniani, wanapooza sensa, yaani jicho linalopokea mionzi, wanaangalia kama ufukwe unaoonekana kwenye picha uko pale ulipo kwenye ramani. Na ndipo kasoro hujitokeza. GOES-17 ya Marekani, iliyorushwa Machi 2018, ilikutwa katika ukaguzi huo kwamba mfumo wake wa kupooza haufanyi kazi inavyotakiwa, na baadhi ya chaneli zake za mionzi ya joto zilikuwa zikizidiwa nyakati za usiku. Wahandisi walitafuta namna ya kuitumia hivyo hivyo, hadi GOES-18 ilipochukua nafasi yake Januari 2023.

"Ilishapimwa maabara, basi imekwisha."

Hoja hii mkulima wa karafuu asingeikubali hata dakika moja. Mizani ya kununulia karafuu hukaguliwa kwa mawe yanayojulikana uzito, na muhuri wa mkaguzi una muda wake. Ukipita, mizani hupimwa upya. Sasa fikiria mizani iliyotikiswa na roketi, ikakaa miaka kwenye jua lisilo na kivuli, na barafu nyembamba ikajijenga kwenye lenzi zake za baridi hadi waendeshaji wakalazimika kuzipasha moto kuiondoa. Kuirudisha duniani haiwezekani. Kwa hiyo mawe ya mizani hupandishwa nayo.

Tuichukue Meteosat-9, iliyorushwa Desemba 2005. Tangu 2022 ndiyo inayoitazama Bahari ya Hindi, ikiwa juu ya nyuzi 45.5 mashariki, si mbali na utosi wetu. Hujizungusha mara 100 kwa dakika. Katika kila mzunguko Dunia inapita mbele ya jicho lake kwa takriban sehemu moja ya ishirini tu. Mbali na hapo kuna anga tupu, karibu na baridi ya mwisho inayowezekana. Hiyo ndiyo mizani isiyo na kitu juu yake. Kisha kati ya picha na picha, ambazo hutoka kila dakika 15, kibati cheusi kilichopachikwa vipimajoto husogezwa mbele ya sensa. Hilo ndilo jiwe. Sensa yenyewe haijui nyuzi joto. Hutoa namba kati ya 0 na 1023, na namba hiyo haina maana mpaka ipate hizo nukta mbili za kulinganishia. Wingu tunaloambiwa lina nyuzi 60 chini ya sifuri limepatikana kwa hesabu hiyo.

Kibati cheusi, hata hivyo, hakitoi mwanga, kwa hiyo chaneli za mwanga wa kawaida hazifaidiki nacho. Huko hutumika jangwa: mchanga wa Libya, ambao mng'ao wake haubadiliki sana mwaka hadi mwaka. Hutumika pia Mwezi, usio na mawingu wala majani, na ambao mwangaza wake wa kila tarehe unakokotoleka. Sisi wa visiwani tunautafuta Mwezi ili tufunge au tufungue. Wenzetu hawa wanautazama wajue jicho lao limefifia kiasi gani.

"Setilaiti mbili zikitazama wingu moja, jibu ni moja."

Hutofautiana, na tangu 2005 kuna mpango wa kimataifa, GSICS, wa kuzilinganisha. Kifaa kiitwacho IASI, kwenye setilaiti za Metop zinazopita juu ya ncha za Dunia, hutumika kama jiwe la pamoja: kifaa hicho na setilaiti nyingine vikiangalia eneo moja kwa wakati mmoja, tofauti huandikwa na kusahihishwa.

"Tuna setilaiti, kipimamvua cha nini tena?"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inavifanya vituo vyetu vionekane vitu vya kale. Setilaiti kama Meteosat-9 huona kilele cha wingu. Tone haioni. Mbinu nyingi za kukadiria mvua hudhani kwamba kilele baridi ndicho chenye mvua, kumbe mawingu mafupi yenye vilele vya vuguvugu nayo hunyesha, na utando wa juu ulio baridi sana unaweza kupita bila hata tone. Anayeweza kuirekebisha dhana hiyo ni mtu aliye kituoni, saa tatu asubuhi, anamimina maji kwenye mrija wa kioo, anainama macho yake yalingane na mstari wa maji, anaandika milimita. Akikisia, kisio lake linaingia kwenye hesabu ya kuihakiki setilaiti. Tawi la mwembe likikinga mdomo wa kipimamvua, nalo linaingia.

Baharini ni vivyo hivyo. Setilaiti hupima ngozi ya juu kabisa ya maji, nyembamba kuliko unywele, kisha hulinganishwa na maboya yanayopima chini kidogo. Nukta moja ya picha ya joto ya Meteosat-9 ina upana wa kilomita 3 au zaidi. Pale Jambiani, pwani ya Unguja, nukta hiyo hubeba mchanga, mwamba na nyumba pamoja na maji. Mama anayetaka kujua kama joto ndilo linaloua mwani wake hatalipata humo. Atumbukize kipimajoto mwenyewe, siku za bamvu, maji yanapobaki ya magotini kwenye kamba zake.