Otofaji, funga na saratani: yanayosemwa na yalivyo

Kuna sauti inarushwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp, Unguja na Pemba kote, eti mgonjwa wa saratani afunge mfululizo, mwili ukikosa chakula utaila saratani wenyewe, kwa kile kinachoitwa otofaji. Jamani, hili linaumiza watu.

Wanasema: otofaji inakula seli za saratani.
Si hivyo. Otofaji ni seli kumeng'enya vitu vyake yenyewe vilivyochakaa na kuvitumia upya. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Nobel ya 2016 kwa kufichua inavyofanyika, tena kwenye hamira, hii hii ya mkate. Kwenye seli yenye afya inasaidia kuzuia saratani isianze, hilo kweli. Lakini uvimbe ukishakua damu haifiki vizuri ndani, chakula kidogo, oksijeni kidogo, na seli za saratani nazo zinajimeng'enya hivyo hivyo ili ziishi, yaani njaa zimeshaizoea.

Wanasema: basi angalau inaamsha kinga.
Hapa ndo penye mambo. Seli huweka vipande vya protini zake nje, juu ya molekuli zinazoitwa MHC-I, kama mtu anavyoonesha kitambulisho getini, seli T za kinga zikiona kitu kigeni zinaiua. Utafiti wa 2020 kwenye saratani ya kongosho ulionesha otofaji inazivuta hizo MHC-I ndani na kuzimeng'enya, seli T zinapita hazioni kitu. Walipoizuia kwenye panya, kinga ikaanza kuiona saratani, na dawa zinazoachia breki za kinga zikafanya kazi vizuri zaidi. Ila usiseme basi ni adui moja kwa moja, maana kuna dawa za kemo ambazo seli ikifa kwazo otofaji ndo inasaidia kutoa nje ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na ile ATP inaita kinga ije, halafu seli T zenyewe zinaihitaji ili zidumu.

Wanasema: klorokwini inazuia otofaji, tukanunue.
Inazuia kweli, ni ile dawa ya malaria Zanzibar iliyoiacha ilipoingia dawa mseto 2003. Lakini ikizidi inavuruga mapigo ya moyo na inaua, na kwa saratani bado iko kwenye majaribio, pamoja na dawa nyengine, chini ya daktari.

Mgonjwa aliyekonda, anatapika kwa kemo, akishindishwa na njaa anapoteza misuli na dawa zenyewe hazimudu tena, na dini imeshampa ruhusa ya kula. Mpikieni uji, supu ya samaki, mchuzi wa nazi, chochote kinachompita kooni, na uzito ukipungua mwambieni daktari wake mapema.