Paka, omena na chumvi ya jikoni

Wenye paka wanaokuja kwangu hapa Kisumu huniuliza sana: “Daktari, huyu anakula tunachokula sisi. Chumvi haitamuua?” Chumvi ya kuonja mezani haimuui paka mwenye afya aliye na maji ya kunywa. Mwili wake unahitaji sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, na figo zake, alizorithi kwa paka mwitu wa nchi kame, huitoa ya ziada kwa mkojo mzito. Hatari huingia maji yakikosekana. Paka kwa asili hanywi sana, na nyumba nyingi hazimwekei maji kabisa kwa kudhani maziwa yanatosha. Hayatoshi, na paka wazima wengi huharishwa nayo.

Kwa hiyo mimi huuliza kwanza chakula kilipikwaje. Omena, yaani dagaa, waliokaushwa juani bila chumvi wanafaa: waoshe mchanga utoke, wachemshe kwa maji matupu, mpe wachache. Wakishakaangwa kwa kitunguu na viungo vya pakiti, msimpe. Hapo chumvi si hofu yangu kubwa. Kitunguu ndicho kinachonitisha. Kiwe kibichi, kimepikwa au ni unga, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Takriban gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumdhuru, yaani gramu 15 tu kwa paka wa kilo 3. Kitunguu saumu ni kikali zaidi. Dalili huchelewa siku kadhaa: ufizi unapauka, anahema, mkojo unakuwa wa rangi ya chai. Kufikia hapo hakuna anayeukumbuka ule mchuzi.

Kuna desturi ninayoomba tuiache kabisa. Paka akishukiwa kula sumu ya panya, mtu hukoroga maji ya chumvi na kumnywesha kwa nguvu ili atapike. Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 6 za chumvi. Kwa mbwa, gramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito huanzisha dalili za sumu ya chumvi, na sina sababu ya kumdhania paka ana nafuu. Chumvi ikizidi katika damu, ubongo hunyang'anywa maji: mnyama hutapika, huyumba, hutetemeka, kisha degedege. Mlete kwa daktari upesi, na pakiti ya sumu mkononi.

Paka akiiba samaki kama mbuta (sangara) aliyekaushwa kwa chumvi, mwekee maji safi anywe mwenyewe. Akiyumba au kutetemeka, usimmiminie maji mdomoni. Sodiamu iliyokaa juu kwa muda ikishushwa ghafla, ubongo huvimba, ndiyo maana sisi huishusha polepole kwa dripu. Na paka mzee, au mwenye ugonjwa wa figo, moyo au shinikizo la damu, asipewe chakula cha chumvi hata kidogo kabla hujazungumza na daktari wake.