Kabla ya Riba, Uliza Makato: Akaunti ya Akiba kwa Kijana wa Shule

Likizo ya mwezi wa sita, binti mmoja wa kidato cha pili aliingia tawini kwetu na mama yake, amekumbatia kibubu cha mbao, vile vya sokoni vyenye tundu moja juu. Mchwa walikuwa wamekiingilia kwa chini. Tulipokipasua, sarafu zilikuwa salama, ila noti za elfu mbili na za elfu tano zilikuwa zimetafunwa pembeni, na chache zimebaki nusu. Zilikuwa hela za kashata alizokuwa akiuza mtaani kila Jumamosi. Akazipanga mezani kwangu moja moja, akazinyoosha kwa kiganja, kisha akasema: "Shikamoo mama. Naomba akaunti ambayo hela haziliwi."

Kazi yangu benki ni elimu ya fedha, na wazazi wengi wanaokuja huanza na swali la riba. Binti yule alianza mahali panapostahili. Kwa mtu anayeweka elfu tatu au elfu tano kwa wiki, riba ni jambo la pili. La kwanza ni kinachokatwa.

Tupige hesabu. Kijana anaweka shilingi 5,000 kila wiki. Mwaka ukiisha ameweka 260,000. Tuchukue riba ya asilimia 3 kwa mwaka, ambayo ndiyo hali ya akaunti nyingi za kawaida za akiba hapa Tanzania. Kwa kuwa hela zinaingia kidogo kidogo, hapati riba ya 260,000 zote tangu siku ya kwanza. Atapata kama shilingi 4,000, na ikishakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, ile ambayo benki huikata kwenye riba kabla hujalipwa, anabakiwa na kama 3,600. Sasa hela hizo hizo ziwe kwenye akaunti inayotoza shilingi 1,000 kila mwezi ya uendeshaji. Kwa mwaka ni 12,000. Riba yote imekwenda, na shilingi 8,400 za jasho lake zimekwenda nayo. Bado hajachukua hela kwenye ATM wala kwa wakala, hajaomba taarifa ya akaunti, hajalipia kadi iliyopotea.

Kwa hiyo ukifika kaunta, omba karatasi ya makato. Benki inatakiwa kukuonyesha gharama zake kabla hujasaini, na Kanuni za Kumlinda Mlaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinakupa haki hiyo. Usiridhike na kuambiwa "hakuna makato, ni akaunti ya mtoto." Uliza kutoa kwa wakala ni shilingi ngapi. Uliza ujumbe wa simu unakatwa kiasi gani. Uliza kiwango cha chini kinachotakiwa kubaki ndani, maana zipo akaunti ambazo salio likishuka chini ya kiwango fulani, riba haihesabiwi kabisa. Na uliza kitatokea nini siku ukitimiza miaka 18. Swali hili watu hulisahau. Akaunti ya mtoto haiendelei kuwa ya mtoto. Aghalabu hubadilishwa kuwa ya kawaida, na makato ya watu wazima huanza hapo, wakati wewe umemaliza kidato cha nne na huna kipato.

Akaunti za umri huu zipo na si za kutafuta kwa tochi. CRDB wana Junior Jumbo, NMB wana Chipukizi, na benki nyingine nazo zina za kwao. Kwa familia zisizopokea riba, zipo huduma zinazofuata sharia ya Kiislamu: Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011, inaendeshwa yote kwa misingi hiyo, na Benki ya Watu wa Zanzibar ina kitengo chake cha aina hiyo. Huko utauliza namna faida inavyogawanywa badala ya kiwango cha riba, lakini swali la makato halibadiliki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo matangazo hayaligusi. Sheria inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa hana uwezo wa kuingia mkataba, kwa hiyo akaunti hufunguliwa na mzazi au mlezi, na mwenye saini ni yeye. Jina la mtoto lipo, lakini mkono wa kutoa hela ni wa mzazi. Nimewahi kumpokea kijana aliyekuja na kitambulisho chake kipya cha taifa, kile cha NIDA, amevaa shati la pasi, akitaka kuhamishia akaunti kwenye jina lake. Salio lilikuwa shilingi 2,300. Baba yake alikuwa akichota kwa miaka mitatu: ada ya mdogo wake, dawa za bibi, kodi ya nyumba mwezi mmoja. Simuiti baba yule mwizi. Kila shilingi ilikwenda nyumbani kwake. Lakini kijana alikaa kwenye kiti kile kama dakika kumi bila kusema neno, na sijui kama amewahi kuweka hela benki tena.

Mzazi mwenzangu, hili nakuomba kwa moyo wote. Ikibidi ukope kwa mwanao, mwambie, na muandike mahali, hata kwenye daftari lake la shule. Nawe kijana, siku ya kufungua akaunti uliza kama benki inaweza kutuma ujumbe wa kila muamala kwenye namba ya simu unayoiona wewe, si ya mzazi peke yake. Uliza kama inaruhusu saini mbili, ya baba na ya mama, au ya mama na shangazi. Akaunti nyingine zina kikomo cha kutoa mara chache tu kwa robo mwaka. Watu wengine hukiona kero. Kwa umri wako ni ulinzi, dhidi ya shida za nyumbani na dhidi ya viatu vipya.

Wengi mtasema, kwa nini nisiweke kwenye simu? Simu ni nzuri kwa kukusanya, na ni rahisi kuhamisha hela kutoka huko kwenda benki. Ila chini ya miaka 18 laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na hela ya kwenye simu inatumika kabla hujaikumbuka. Ikishafika elfu kumi, ihamishe. Lakini uliza kwanza ada ya kuhamisha, kwa sababu kuhamisha elfu mbili mbili kila siku ni mchwa wale wale.

Usalama wa hela nao una jibu. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha. Wakati ule kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, inayowalipa wateja benki yao ikifungwa, ilikuwa hadi shilingi 1,500,000 kwa mteja. Mwaka 2023 ilipandishwa hadi 7,500,000 kwa mteja katika kila benki, kiasi kinachotosha akiba ya karibu kila mwanafunzi. Kinga hiyo ni ya benki na taasisi zenye leseni ya Benki Kuu. Kikoba cha mtaani na mchezo wa darasani havimo.

Neno moja kuhusu muda. Mfumuko wa bei wetu umekuwa ukizungukia asilimia 3 miaka ya karibuni, karibu sawa na riba ya akiba. Maana yake akaunti hii inatunza hela, haizikuzi. Inafaa kwa lengo la karibu: ada ya mtihani, cherehani, nauli ya kwenda chuoni. Kama lengo liko miaka mitano mbele, zungumzeni nyumbani kuhusu akaunti ya muda maalumu, ambako hela hukaa bila kuguswa hadi muda uliokubaliwa uishe, au vipande (yaani hisa ndogo ndogo) vya Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni inayowekeza hela za watu wengi kwa pamoja, mkijua kwamba thamani ya kipande hupanda na inaweza kushuka.

Binti wa kashata tulimfungulia akaunti isiyo na ada ya mwezi. Alileta cheti cha kuzaliwa. Mama alileta kitambulisho chake cha NIDA na picha za wote wawili. Noti zilizoharibika tuliziweka kando kwa utaratibu wake, nzima zikaingia siku ile ile. Kabla hawajaondoka alitoa kalamu, akaandika nyuma ya ile karatasi ya makato tarehe atakayotimiza miaka 18, akaniuliza kama nitakuwepo. Nikamwambia aje hata nisipokuwepo, na aje wiki moja kabla, ili achague mwenyewe akaunti itakayofuata.