Nyumba moja, kasma mbili

Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Tanga. Msimu wa bajeti ukifika, watu huniuliza: "Hivi nyie ustawi mnapanga nini hasa?" Nitajibu kwa nyumba moja ya Makorora.

Nilibisha hodi asubuhi, siku ya shule. Akafungua mtoto wa darasa la tano, mkononi kashika bakuli la uji. Bibi yake alikuwa kalala uani juu ya mkeka. Kiharusi kimemwacha upande mmoja hauna nguvu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. We, mpe mgeni kigoda."

Shuleni yule mtoto alishaandikwa mtoro. Kumbe ndiye nesi wa nyumba: anamlisha, anamwosha, anamgeuza.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mtoto anaingia kasma, yaani mstari wa fedha kwenye bajeti, ya ulinzi wa mtoto, na hapo nina nguvu, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto wa eneo lake. Bibi anaingia kasma ya wazee. Huko ninachoshika ni Sera ya Taifa ya Wazee, na sera si sheria. Fungu likipungua, nimeona mara nyingi, ya wazee ndiyo hupigwa panga mwanzo. Ukiikata ya bibi umemtoa mjukuu darasani, halafu mwakani unatafuta hela za kupambana na utoro.

Mpango wenyewe huanzia mkutano wa mtaa, ukapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ukafika kwa wataalamu, kamati za madiwani na Baraza, kisha mkoani na TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri, ili Julai 1 mwaka wa fedha uanze. Ustawi tumewekwa divisheni moja na afya na lishe. Ukomo wa bajeti, yaani kiwango tusichoruhusiwa kuvuka, ukishatolewa, bibi yangu anashindana na dawa na chanjo. (Hebu jaribu kushindana na chanjo uone.)

Lakini shida kubwa iko kule chini mtaani. Mkutanoni watu huomba mtaro, taa, barabara. Sijasikia aliyesimama akaomba mtu wa kusaidia kumgeuza mama yake kitandani. Mambo ya uani hayasemwi mbele za watu, na lisilosemwa mkutanoni haliandikwi kwenye muhtasari. Lisiloandikwa halina kasma.

Ndiyo maana siku hizi nang'ang'ania daftari la wazee la mtaa. Zamani lilikuwa na jina, umri na kama mzee ana kitambulisho cha matibabu. Nikaongeza safu moja: "Nani anamhudumia?" Mwenyekiti aliona namwongezea kazi tu. Tukakaa barazani kwake tukajaza, nyumba kwa nyumba. Ya kwanza: binti yake. Ya pili: mjukuu. Ya tatu: mjukuu. Alipoandika mjukuu tena akaiweka kalamu chini.

"Hawa wako wengi, bwana."

Kurasa zile nilizipeleka kwenye kikao kama zilivyo, na mwandiko wake. Niliomba mafuta ya pikipiki kwa ziara za nyumbani, na ziara moja ihesabiwe kwa mzee na mtoto pamoja. Yakapita nusu. Makorora nakwenda Jumanne, wiki moja naacha.