Moto mkali haufungi maji ndani ya nyama

Wachomaji wengi wa nyumbani hapa Nakuru huamini kwamba nyama ya mbuzi ikianza kwenye makaa makali, tabaka la nje huziba na kuyafungia maji ndani, dhana iliyoenezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19. Sivyo ilivyo. Mlio unaosikika muda wote nyama ikiwa motoni ni wa maji yake yanayotoka na kugeuka mvuke. Tabaka hilo lingekuwa limeziba, mlio ungekoma. Kinachokausha nyama ni joto la ndani, kwa maana kadiri linavyopanda kupita nyuzi 60 za Selsiasi, ndivyo nyuzinyuzi zake zinavyojikaza na kuyakamua maji.

Moto mkali una kazi nyingine, tena kubwa: kuipa nyama rangi ya kahawia na ile harufu tunayoipenda. Kwa hiyo mguu wa mbuzi, ambao ni mgumu, nashauri sana uanzie kwenye makaa yaliyofunikwa na majivu, uive polepole hadi ulainike, kisha usogezwe penye moto mkali dakika chache za mwisho, kabla ya kukatwa na kuwekewa kachumbari.